Celica ya zamani haiwaki, inachemsha, inakonyeza: kutafuta chanzo ukiwa Kigoma

Toyota Celica yangu niliikuta Mwanga ya hapa Kigoma, imelala chini ya mwembe kwa masika matatu. ST182 ya 1991, ile yenye taa za kuinuka, nyekundu iliyopauka mpaka ikafanana na vumbi. Mwenye gari aliniambia, "Mdogo wangu, hiyo injini imekufa, nunua bodi tu." Injini haikuwa imekufa. Waya mmoja wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri, ulikuwa umeoza, na juu ya tatizo hilo moja mafundi waliopita walikuwa wameongeza mengine matano, yakiwemo swichi ya pembeni, waya wa taa uliotumika kuzungushia feni, termostati iliyong'olewa na kutupwa.

Kwa hiyo kabla ya kununua spea, tafuta mkono wa aliyepita. Mtu wa Dar anaweza kukosea, akarudi Kariakoo jioni hiyohiyo kubadilisha. Sisi Kariakoo iko zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, na pampu isiyo sahihi ikishapanda basi kuja Kigoma, imekuwa yako. Ndiyo maana chini ya kila dalili nimeanza na sababu inayotokea sana na isiyogharimu kitu, kisha ndiyo nikashuka kwenye za gharama.

Ninayoyaeleza yanahusu Celica za 1989 hadi 1999 zenye injini za familia ya 3S, lakini mwenye Levin, MR2 au Toyota nyingine ya EFI (petroli inayopimwa na kompyuta) ya miaka hiyo atajikuta humuhumu. Vifaa: testa ya umeme yenye kusoma volti, spana za 8 hadi 19, msasa laini, tochi, jeki, na stendi mbili za chuma. Jeki ni ya kuinulia, stendi ndiyo ya kulalia chini yake. Tofali la kuchoma halimo kwenye orodha hii. Linapasuka bila kukuaga.

Ukipiga stata: "tik", au kimya kabisa

Hili ndilo ninaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi mtu anakuja ameshanunua betri mpya.

Anza na vichwa vya betri. Ule unga mweupe au wa kijani ni kizuizi cha umeme. Vua, sugua kwa msasa, rudisha, kaza mpaka visizunguke kwa mkono. Kisha pima betri ikiwa imepumzika usiku mzima: volti 12.6 imejaa, 12.2 iko nusu, chini ya 12 ichaji kwanza ndipo uilaumu. Mwenzako apige stata huku ukiangalia testa. Ikiporomoka chini ya volti 9.6 hivi na ilikuwa imejaa, betri imechoka.

Betri ikiwa nzima, nenda kwenye ethi. Weka mguu mmoja wa testa kwenye kichwa cha hasi cha betri, mwingine kwenye chuma kitupu cha injini, mwenzako apige stata. Testa inatakiwa isome karibu na sifuri. Ikisoma zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea kwenye waya huo: upo kati ya betri na bodi, au kati ya bodi na injini. Wangu ulisoma volti 3. Kwa nje ulikuwa mzuri, una plastiki yake nyeusi yote. Ndani ulikuwa unga wa kijani. Waya mnene wa kuchomelea, kama mita moja hivi, na vichwa viwili vya shaba vilimaliza kazi iliyokuwa imelilaza gari miaka mitatu.

Baada ya hapo ndipo stata yenyewe. Toyota za enzi hizi zina ugonjwa unaojulikana: vipande vya shaba ndani ya solenoidi vinaliwa, inagonga "tik" mara nne, ya tano inashika. Fundi stata anabadilisha vipande hivyo bila kununua stata nzima. Mwishoni kabisa ndipo ushuku swichi ya ufunguo na alamu. Alamu za kubandika ni nyumba ya matatizo. Ukikuta kisanduku cheusi chini ya usukani kimefungwa kwa gundi ya karatasi, umeshaukuta mkono wa aliyepita.

Stata inazunguka vizuri lakini injini haishiki

Gari lililokaa muda mrefu, shuku petroli kabla ya kitu kingine. Petroli ya mwaka mzima inanuka kama rangi ya zamani. Nyingine ilinunuliwa kwenye madumu na ina maji chini. Itoe yote, weka mpya lita kumi, badilisha chujio.

Kisha sikiliza pampu. Chini ya boneti kuna kisanduku kidogo cha plastiki chenye kifuniko, na ndani ya kifuniko pameandikwa majina ya matundu. Tafuta Fp na +B. Yaunganishe kwa kipande cha waya, weka swichi bila kuwasha injini, na mwenzako aweke sikio kwenye mdomo wa tanki. Pampu ikinguruma, ni nzima na tatizo liko kwenye rilei au kwenye amri inayotoka kwenye kompyuta. Ikinyamaza, angalia fyuzi, kisha waya unaoingia kwenye tanki, na mwisho pampu. Soma majina mara mbili kabla ya kuchomeka. Tundu siyo, kitu kinaungua. Na asiwepo mvuta sigara karibu.

Petroli ikifika, tafuta moto. Injini hizi nyingi zina distribyuta, kigawa-moto cha plagi, na distribyuta haipendi unyevu. Asubuhi ya masika, au baada ya kijana wa kuosha magari kumwagia injini maji kwa shauku, vua kifuniko chake, kaushe kwa kitambaa, angalia nyufa nyembamba kama nywele na rota iliyoungua ncha. Kisha plagi, kisha waya za plagi, kisha koili.

Simama hapa: ukisikia injini inazunguka kwa wepesi usio wa kawaida, kama cherehani isiyo na kitambaa, usiendelee kupiga stata. Huenda ukanda wa taimingi umekatika au umeruka meno. Huo ni wa fundi injini mwenye kujua alama zake. Hata kama haujakatika, gari ukilinunua bila historia ya kueleweka, weka mpya. Desturi kwa injini hizi ni kilomita 100,000, na mpira unazeeka hata gari likiwa limelala.

Sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka, injini inamisi, petroli inakwisha kama maji

Usiende kutafuta mashine ya kupimia. Magari haya hayana tundu la mashine za kisasa, na mafundi kadhaa watakwambia "hili halipimiki". Linapimika kwa waya wa sentimita kumi. Rudi kwenye kisanduku kilekile, unganisha TE1 na E1, weka swichi bila kuwasha, tazama taa ya injini kwenye dashibodi. Ikikonyeza harakaharaka kwa mpigo mmoja usiokatika, kompyuta haina lalamiko. Ikikonyeza kwa mafungu, hesabu: mikonyezo miwili, kituo, mikonyezo miwili ni 22.

Namba nilizokutana nazo sana: 22 ni sensa ya joto la maji, 41 ni sensa ya mlango wa hewa, ule unaofunguka ukikanyaga mafuta, 31 ni kipimo cha hewa inayoingia, 21 ni sensa ya oksijeni kwenye ekzosi, 14 ni ishara ya moto isiyorudi kwenye kompyuta, 52 ni sensa ya kugonga. Ukishatengeneza, chomoa fyuzi ya EFI kwa dakika moja ili namba zifutike, endesha, kisha pima tena. Namba zilizobaki tangu 2009 zitakupoteza.

Lakini namba ikisema sensa, bado usiinunue. Vua plagi ya waya zake, angalia kama kuna kutu, waya uliotafunwa na panya, au kiungo kilichosokotwa kwa mkono na kuzungushiwa selotepu. 22 yangu ilikuwa plagi imelegea. Kompyuta ilidhani injini iko baridi muda wote, ikawa inaimwagia petroli mchana kutwa kwenye joto la Septemba.

Kama hakuna namba, chanzo kikubwa ni hewa ya wizi: mipira midogo ya vakyumu iliyokauka ikapasuka. Injini ikiwa inaunguruma, sikiliza mluzi. Bana mpira mmojammoja kwa vidole, na ule unaobadilisha sauti ya injini ndio huo. Halafu safisha mlango wa hewa na valvu ya sailensa. Huko ndani panakuwa na masizi kama chungu cha kuni. Chujio la hewa sina haja ya kulieleza kwa mtu anayepita barabara za vumbi. Nozo, zile zinazopulizia petroli ndani ya injini, nimeziweka mwisho. Wengi wanaanza nazo kwa sababu fundi anazo za kuuza.

Gari linachemsha likipandisha

Kwenye tambarare ya Ujiji mshale uko katikati, ukigeuza kupandisha Mwanga unaanza kutembea.

La kwanza ni kiwango cha maji na mfuniko wa rejeta. Watu wanaudharau mfuniko kwa sababu ni kitu kidogo. Ziwa liko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari na mji unapanda kutoka hapo, kwa hiyo maji yaliyo wazi huku yanachemka kwenye nyuzi 97 hivi. Mfuniko mzima unayabana hadi yavumilie zaidi ya nyuzi 110. Mpira wake ukikakamaa, umebaki na sufuria ya wali. Usiufungue injini ikiwa ya moto, hata kwa kitambaa, hata polepole. Subiri mpaka bomba la juu la rejeta lishikike kwa mkono.

La pili ni feni. Kwenye Toyota nyingi za kizazi hiki, ukichomoa plagi ya swichi ya joto la maji huku swichi ya gari imewekwa, feni inatakiwa izunguke. Isipozunguka: fyuzi, rilei, kisha mota. Ukikuta feni imeungwa moja kwa moja kwenye swichi ya gari, kuna fundi aliyekata tamaa kabla yako. Rudisha ilivyokuwa.

La tatu ni termostati, au kutokuwepo kwake. "Toa hiyo, gari la nchi ya joto halihitaji," niliambiwa na fundi mmoja, kwa upendo kabisa. Linaihitaji. Termostati inafunguka kwenye nyuzi 82 hivi na kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake na kuishikilia hapo. Bila hiyo, asubuhi injini inakunywa petroli na kula pete za pistoni, na tatizo la mlimani linabaki palepale kwa sababu halikuwa lake. Ipime kwenye sufuria ya maji jikoni. Isipofunguka kabla ya maji kuchemka, tupa. Omba sufuria kuukuu, usichukue ya ugali.

La nne ni rejeta iliyoziba. Maji ya ziwa ni matamu kwa migebuka, siyo kwa rejeta. Yana madini mengi, na madini hayo yanaganda kwenye mirija myembamba. Tumia kulanti iliyochanganywa na maji safi yasiyo na chumvi. Ukigusa rejeta injini ikiwa imezimwa na bado ina uvuguvugu, sehemu iliyo baridi ndiyo iliyoziba.

Baada ya hayo, pampu ya maji: angalia michirizi chini yake.

Ukiona mapovu yasiyokwisha kwenye rejeta, moshi mweupe wenye harufu ya utamu, au oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, zima. Gasket ya silinda hedi imeondoka. Usiendeshe "hadi gereji tu". Hedi ya aluminiamu inapinda ndani ya kilomita hizo, na kuipeleka kwenye mashine ya kusawazishia kunaweza kukusafirisha hadi Mwanza.

Taa moja inainuka, nyingine imelala

Gari linakonyeza na watoto wanashangilia. Mara nyingi ni vumbi na grisi iliyokauka kwenye viungo vya taa. Kwenye mota kuna kitufe cha kuzungusha kwa mkono chini ya kofia ya mpira. Chomoa fyuzi kwanza, zungusha, uone kama taa inapanda bila kukwama. Safisha, weka grisi mpya kidogo. Ikipanda vizuri kwa mkono lakini si kwa umeme, pima kama volti inafika kwenye mota. Ikifika, mota, isipofika, rilei au, tena, ethi.

Vidole mbali na taa, fyuzi ikiwa imerudi. Inafunga kwa nguvu kuliko unavyodhani.

Breki: pedali laini, gari linavuta upande

Oili ya breki inanyonya unyevu wa hewa, na hewa ya kando ya ziwa inao wa kutosha. Ikiwa nyeusi kama kahawa, itoe yote na uweke DOT 3 mpya kutoka kwenye chupa iliyofungwa, kisha toa upepo kuanzia gurudumu lililo mbali na masta silinda (pampu kuu ya breki). Rudia kila baada ya miaka miwili.

Gari likivuta upande baada ya kulala muda mrefu, pini za kalipa zimeshika kutu. Zivue, zisugue, weka grisi ya breki, siyo ya bearingi. Mipira ya breki ya miaka thelathini nayo huvimba kwa ndani: inaruhusu oili kwenda, inaizuia kurudi, na gurudumu linakuwa la moto. Vumbi la pedi za zamani usilipulize kwa mdomo wala kwa upepo wa kujazia tairi. Huenda lina asbesto. Lowanisha, pangusa.

Pedali ikizama taratibu huku umeikanyaga gari likiwa limesimama, masta silinda inavuja ndani. Gari lisitoke uani. Kuteremka kutoka Mwanga kuelekea stesheni bila breki si habari ya kusimulia, na kazi hii mpe fundi aliyewahi kuifanya.

Kugonga chini, usukani kutangatanga

Barabara ya mawimbi inazimaliza linki za stabilaiza kwanza, kisha bushi za mikono, kisha vikalio vya juu vya shokapu. Hizo unaweza kuzibadilisha mwenyewe. Boljointi na taroodi ni jambo lingine: inua gurudumu, weka stendi, lishike juu na chini ulitikise. Likicheza, usiendeshe.

Springi za mbele zimebanwa kwenye shokapu kwa nguvu ya kuvunja taya. Kuzivua kunahitaji kibana-springi cha kweli, siyo kamba na rafiki.

Na tafadhali usizikate. Kila mwenye Celica anataka iliyoinama kama alivyoona kwenye picha, kwa sababu Celica ilishinda Safari Rally 1984, 1985 na 1986, tena 1990, kisha miaka minne mfululizo kuanzia 1992. Zilizoshinda zilikuwa zimeinuka. Shokapu mpya zenye urefu wa kiwandani na tairi nzuri zitakupa gari jingine kabisa. Tairi isome umri ubavuni: tarakimu nne za mwisho, 2319 maana yake wiki ya 23 ya 2019. Rimu za mtumba kutoka Japani huja na tairi zenye kashata ndefu na mpira uliokufa.

Rangi inavimba, kutu inarudi

Chukua sumaku iliyofungwa kwenye kitambaa, itembeze juu ya matao ya magurudumu ya nyuma, chini ya milango na kwenye kitako cha tairi la spea. Isiponasa, chini yake kuna puti, na chini ya puti kuna tundu. Magari yaliyotumika sehemu za theluji za Japani huliwa kuanzia chini kwa chumvi ya barabarani, kwa hiyo lala chini yake na bisbisi kabla ya kusifia bodi. Bisbisi ikizama kwenye reli za chini, au pale shokapu inaposhikia, hiyo siyo kazi ya nyumbani. Ni ya fundi bodi mwenye kuchomelea vizuri, naye achomoe betri, altaneta na kompyuta kabla ya kuwasha mashine. Tanki la petroli lisichomelewe, hata kama limekauka mwaka mzima.

Rangi mpya inayovimba malengelenge huwa imepigwa juu ya unyevu au kutu. Inayopauka kama ukungu huwa imepigwa masika kwa tina inayokauka haraka. Mimi ningepaka Juni au Julai, alfajiri, uani pamemwagiwa maji ya kutuliza vumbi. Rangi za kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha rangi) zina sumu ya mapafu, na barakoa ya kitambaa haizuii chochote. Kama huna ya vichujio, mlipe mwenye chumba cha kupigia rangi. Ukibadilisha rangi kabisa, kadi ya gari nayo ibadilishwe TRA. Mimi nilirudia nyekundu yake.

Umeweka vya kisasa, na sasa kuna matatizo mapya

Balbu za LED ndani ya taa zilizotengenezwa kwa halojeni: wewe huoni mbali, anayekuja anapofuka. Rudisha halojeni nzuri, pitishia umeme kwenye rilei kwa waya mnene kutoka kwenye betri, na utashangaa taa zilikuwa zinanyimwa nini. Usukani mdogo wa mbio: kama wa kwako una mkoba wa hewa, ule wenye maandishi SRS na plagi za njano, usiuguse bila fundi umeme anayejua. Hata yeye lazima achomoe betri na kusubiri zaidi ya sekunde 90.

Redio inayokamata stesheni moja au mbili tu haijaharibika. Ya Kijapani inaishia megahezi 90, na stesheni zetu zinaanzia 88 kwenda juu hadi 108. Kuna kisanduku kidogo cha kuongeza masafa, kinakaa nyuma ya redio kwenye njia ya antena, na dashibodi inabaki kama ilivyotoka kiwandani. Sauti yake ina mkwaruzo kidogo. Nimeuacha.